Hamali wa Herufi Tatu

Baba, leo nimezinyima hewa seli za figo.
Nimezifungia kwenye sanduku la kioo, nikashusha oksijeni
mpaka asilimia moja, kisha nikaketi na kalamu.
Chai ikapoa.

Hapa Lima hewa ni ya bure, nzito, ina chumvi na moshi.
Mtu hupumua bila kuhesabu.
Huko juu Cerro de Pasco kila pumzi ina bei,
nawe umelipa miaka hamsini na mitatu
kwa damu iliyokuwa nzito kama uji uliosahauliwa motoni,
kwa midomo ya zambarau,
kwa vidole vilivyovimba nchani kama virungu.
Nesi Hermelinda anakutoa nusu lita,
anakubandika pamba, nawe unacheka:
"Nimepungua mzigo."

Mzigo. Neno hilo nimelirithi kwako.

Ndani ya seli kuna hamali.
Hana jina la ubatizo: herufi tatu, tarakimu mbili,
kama namba ya beji yako pale getini mwa mgodi.
Jeni yake imejikunja kwenye uzi mrefu, nusu usingizini,
mpaka hewa inapokata.
Yupo mjumbe ambaye siku za neema
mwili humzaa na kumvunja papo hapo, hajakohoa.
Hewa ikikata, mjumbe huyo anasalia mzima,
anaingia kwenye kiini, anagonga:
Amka. Kuna kazi.

Naye anaamka.
Anajishikiza kwenye utando kwa mkia wa mafuta,
anaongoza vifuko: hiki kipite, kile kingoje,
hiki kikutane na kile, viwe kimoja.

Nimempaka rangi ya kijani ing'aayo.
Usiku, kwenye darubini, vitaa vinatambaa gizani
nami nakuona una miaka kumi na sita,
gunia mgongoni, ukanda umekaza kwenye paji la uso,
unapanda ngazi ya magogo kutoka shimoni.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Wako ulikuwa risasi na zinki.

Hakuna aliyekuuliza umebeba nini.
Mimi nami sijui hamali huyu anabeba nini hasa.
Nimeandika daftarini: *haijulikani*.
Profesa Ugarteche amelipigia mstari neno hilo
kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: *Sawa*.

Jumapili nilikueleza kwa simu.
Ukanyamaza. Nikasikia pumzi ikipanda, mbwa wa akina Ticlavilca,
bati likigongwa na upepo.
"Unazinyima hewa makusudi?"
Ndiyo, baba.
"Zinafanyaje?"
Zinaongeza mahamali.
"Halafu?"

Halafu sikukwambia.
Kwamba hewa ikizidi kukosekana
hamali yule yule huonekana karibu na mitokondria,
na seli huanza kujizima, chumba baada ya chumba,
bila fujo, kama mtu anayefunga nyumba kabla ya safari.
Nilisema tu: Shuka.
Panda basi la alfajiri, uvuke Ticlio umelala,
kuna kitanda, kuna dirisha.

"Nikishuka," ukasema, "nitabeba nini?"

Saa nane usiku nimefungua sanduku.
Hewa imeingia kwa mlio mdogo,
kama mtu anayetua gunia asitake kuwaamsha watoto.
Nimezihesabu zilizo hai. Namba sijaiandika.
Nimeweka kiganja juu ya kioo, kina joto la mwili,
nikaanza kuhesabu pumzi zangu, kwa kiwango chako, taratibu.
Nilipofika arobaini hesabu ikanipotea.
Nikaanza upya.